Kusomesha watoto nyumbani kwa kufuata wanachokipenda (na kwa nini lazima wakifundishe)

Niseme mapema, hii ni kwa mzazi ambaye tayari anasomesha wanae nyumbani au anakaribia kuanza na anaona mambo hayaendi, kila asubuhi ni kuvutana na kitabu cha hesabu mpaka mama analia na mtoto analia. Mimi niko Houston, Texas, Waswahili tumejaa huku, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na ukienda kwenye sherehe yoyote hukosi mama mmoja wawili walioshawatoa watoto shule. Njia tunayotumia kwetu kuisema ni rahisi ila ina kazi. Mtoto anachagua kitu anachokipenda kweli, masomo yanajengwa kukizunguka kitu hicho, halafu mwisho lazima akifundishe kwa mtu mwingine. Hiyo ya mwisho ndio wengi wanairuka, na kwangu mimi ndio shule yenyewe. Maana mtoto anaweza kuangalia video za kuku mwezi mzima ukasema mashallah huyu kasoma, ebu muulize kwa nini yai linageuzwageuzwa ndani ya mashine, kimya.

Sheria kwanza

Usimtoe mtoto shule kwa sababu umesoma huku mtu fulani kafanya. Marekani kusomesha nyumbani kunaruhusiwa kwenye majimbo yote 50 lakini masharti yanatofautiana sana. Texas ndio wapole, hakuna kujiandikisha, hakuna mkaguzi, hakuna mtihani wa jimbo, Mahakama ya Juu ya Texas ilishamaliza hilo mwaka 1994 kwenye kesi ya Leeper, kwamba nyumba inayosomesha kweli inahesabiwa kama shule binafsi. Unatakiwa uwe na mtaala unaoonekana, vitabu au hata wa kwenye kompyuta, na uguse masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Basi. Ila kama mtoto alikuwa shule ya serikali, andika barua ya kumtoa yenye tarehe KABLA hujaacha kumpeleka, la sivyo atasomeka ni mtoro na utaanza kupigiwa simu.

Sasa ndugu yako wa New York hawezi kukuiga. Kule kuna barua ya kutoa taarifa, kuna mpango wa mwaka wa kila mtoto, kuna ripoti kila robo mwaka, na masaa yanahesabiwa, 900 kwa mwaka kuanzia darasa la kwanza mpaka la sita na 990 kuanzia la saba. Pennsylvania wanataka jalada la kazi za mtoto na mtu mwenye sifa wa kulikagua kila mwaka. Walioko Ujerumani nawaambia tu msijaribu, Uingereza mko salama. Na nyumbani Tanzania sheria inataka mtoto aandikishwe shule, Kenya nao sheria yao ya mwaka 2013 inataka hivyohivyo, kwa hiyo nyie wa nyumbani chukueni haya kama ya jioni, wikiendi na likizo, yanafanya kazi vizuri tu. Mwenye kesi ya uhamiaji au anayegawana malezi kwa amri ya mahakama aongee na wakili wake kwanza, asije akanitaja.

Kujua anapenda nini

Usimuulize. Ukimuuliza mtoto wa miaka tisa unapenda nini atakwambia YouTube, au atakwambia unachotaka kusikia, na watoto wetu wanajua vizuri sana tunataka kusikia daktari. Chukua daftari, kaa wiki mbili tatu unamwangalia tu. Anafanya nini akiwa hana la kufanya? Anakufuata jikoni kukusimulia nini wakati unakaanga vitunguu hata husikilizi? Anagombana na wenzie kwa sababu ya kitu gani? Anarudia nini bila kuambiwa? Andika. Mambo mengine yatakuja mara moja yapotee, kuna moja au mawili yatarudi rudi, hayo ndio ya kushika.

Halafu tofautisha kupenda kuangalia na kupenda kufanya. Mtoto wa gemu kwa mfano, wazazi wengi wanakata tamaa hapo, lakini kaa naye uone anapendea nini. Kuna anayependa kushinda, kuna anayependa kupiga stori na wenzie, kuna ambaye kutwa anajenga tu majumba na madaraja ndani ya gemu na hata kushinda hana habari nako. Huyo wa kujenga mpe Scratch, ile programu ya chuo cha MIT ya kutengeneza gemu na katuni, ipo tangu 2007, ni bure, na lugha unaweza kuiweka Kiswahili. Anaacha kuwa mchezaji anakuwa fundi. Huyu wa kushinda labda umpeleke chess. Wa stori umuachie jikoni awahoji shangazi zake.

Ukishajua, tulia. Hapa ndio pagumu kwetu sisi wazazi wa Kiafrika, mtoto akisema anapenda kuku siku hiyohiyo tunaleta kitabu cha biolojia na ratiba ukutani, mtoto anaona aa kumbe ilikuwa mtego. Muache akae na kitu chake kwanza. Aguse, aharibu, aulize maswali ya ajabu. Na usinunue vitu vya gharama mapema, azima. Maktaba kadhaa za Houston zina vyumba vyenye cherehani na printa za 3D unatumia bure, wengi wetu tunazipita kila siku tunajua ni vitabu tu.

Kuku, kwa mfano

Nieleze huu mfano kwa kirefu maana ndio ninaoujua zaidi, wa katikati wangu ni mtu wa kuku. Kabla ya chochote angalia mji wako na ile HOA ya mtaa, yaani chama cha wenye nyumba, kama wanaruhusu kuku, mitaa mingi hairuhusu. Lakini hata hilo ni somo. Mpe mtoto karatasi ya sheria za mtaa aisome mwenyewe na kalamu, atafute neno kuku liko wapi, majogoo yanasemwaje, idadi ni ngapi, umbali kutoka kwa jirani ni kiasi gani, halafu aandike barua ya kuomba. Uraia mwema si ndio huo unaotakiwa na Texas? Barua yenyewe ni tahajia na sarufi. Na kama hairuhusiwi kabisa unaweza kutotolesha mayai kwenye mashine ndogo ya mezani halafu vifaranga vikachukuliwa na mtu mwenye shamba, mkubaliane naye kabla ya kuwasha mashine.

Yai la kuku linachukua siku 21. Joto nyuzi 37.5, lakini mashine za huku zinasoma Fahrenheit, utaona 99.5, na bibi yake Tanga hajui Fahrenheit ni mnyama gani, kwa hiyo mtoto akitaka kumwambia bibi joto ni kiasi gani lazima ageuze: toa 32 inabaki 67.5, zidisha mara 5, gawanya kwa 9. Ndio hesabu ya desimali hiyo na hakuna aliyemlazimisha. Unyevu uwe kama asilimia 50 mpaka siku ya 18, kisha unaupandisha kufika 65 hadi 70 siku tatu za mwisho ili utando usikauke ukamkaba kifaranga wakati anatoka. Mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku hiyo ya 18, yasipogeuzwa kiinitete kinaweza kugandia kwenye utando wa ganda kikafa. Karibu siku ya saba unazima taa unamulika yai kwa tochi, utaona mishipa ya damu kama mizizi, lisilo na kitu linaonekana jeupe tupu. Hapo hata yule kaka mkubwa asiyependa kuku atakuja kuchungulia.

Mtoto anaandika joto na unyevu asubuhi na jioni, mwisho anachora grafu. Tuseme mliweka mayai 12 vikatoka vifaranga 8, ni asilimia ngapi? Chakula mfuko mmoja dola ngapi, unaisha kwa siku ngapi, kuku hataanza kutaga mpaka afike kama miezi mitano sita, je yai letu la kwanza limetugharimu kiasi gani? Jibu lake linachekesha sana, la dukani ni nafuu mara kibao. Na kutoka hapo mtoto akauliza kuku wametoka wapi duniani, akajikuta anasoma habari za kuku wa porini wa Asia ya kusini mashariki na jinsi walivyosambaa na watu.

Ila sasa niwe mkweli, kuna wenzetu wanasema mtoto akiachiwa anachokipenda atajifunza KILA kitu humohumo. Mimi sikubaliani. Kuku hawatamfikisha mtoto kwenye kugawanya kwa njia ndefu, wala hawatamfundisha wa miaka mitano kusoma silabi. Kwetu hesabu ina kitabu chake cha kawaida, nusu saa kila siku, mapema kabla ya vingine, na wadogo wanasoma kwa sauti kila siku hata kama wamenuna. Yanayobaki ya siku ndio ya kwao. Ukifanya hivyo huna presha ya kulazimisha kila somo liingie kwenye kuku, maana nimeona mama anahangaika kutafuta sarufi ndani ya banda.

Sasa kufundisha

Anza na mtu anayempenda mtoto lakini hatamdanganya. Kwetu ni bibi. Jumamosi saa tatu asubuhi ya Texas ni saa kumi na moja jioni Tanga wakati wa kiangazi, huku kukiingia baridi saa zikarudishwa nyuma inakuwa saa kumi na mbili, na mtoto mwenyewe ndio anapiga hesabu apige saa ngapi. Simu ya video, dakika kumi, mtoto anamuonesha bibi alichofanya wiki hiyo na bibi lazima aulize swali. Kwa Kiswahili. Hapo utashangaa, mtoto aliyekuwa anakujibu Kiingereza kutwa anatafuta mwenyewe ute unaitwaje, kiini kinaitwaje, unyevu ni nini, kwa sababu bibi yuko kwenye laini anasubiri.

Na bibi aliyefuga kuku maisha yake yote ana maswali ya hatari. Aliuliza, "Kwangu mama kuku anayageuza mayai mwenyewe kwa mdomo mchana na usiku, nyie mkilala nani anayageuza?" Mtoto akabaki mdomo wazi. Sheria yetu ni kwamba "sijui" inaruhusiwa lakini swali linaandikwa kwenye daftari na jibu linaletwa Jumamosi inayofuata. Akaenda kutafuta, akakuta ndio maana wafugaji wanasema ugeuze kwa mkono mara tatu au tano kwa siku, namba isiyo shufwa, ili upande uliolaliwa usiku mrefu wa leo usiwe uleule kesho. Hilo hakulipata kwenye video zote alizoangalia, amelipata kwa sababu kuna mtu kamuuliza.

Kwa hiyo kazi yako kubwa mzazi sio kufundisha, ni kumtafutia watu wa kumuuliza. Ukimaliza bibi, tafuteni familia nyingine tatu nne mnaoaminiana, mara moja kwa mwezi mkutane nyumba moja au parki, kila mtoto dakika kumi anaonesha kitu chake na kila mtoto mwingine lazima aulize swali moja. Pilau ipikwe. Wazazi marufuku kumjibia mtoto, marufuku kumsahihisha mbele za watu, na ikiwezekana simu ziwekwe pembeni, maana sisi tukianza kurekodi mtoto anaanza kuigiza. Akikosea tarehe au jina mwambie baadaye kwenye gari.

Hatua ya juu zaidi kwa walioko Marekani ni 4-H, klabu za watoto za kujifunza kwa vitendo. Wengi wetu tunaiona ni ya wazungu wa mashamba tunaipita, na ni hasara. Ilianza 1902 huko Ohio na klabu ya watoto wa vijijini, leo ipo nchi nzima hadi mijini, huku Texas inasimamiwa na chuo cha Texas A&M kupitia ofisi ya AgriLife ya kaunti yako. Watoto wa miaka minane hadi kumi na nane hivi, wadogo zaidi wana kundi lao, ada ya mwaka ni ndogo, na waliosomeshwa nyumbani wanakaribishwa kama wengine. Mtoto anachagua mradi, iwe kuku, mapishi, kushona, picha, roboti, hata kuongea mbele za watu ni mradi wenyewe. Anaweka kumbukumbu zake za mwaka mzima, na kuna mashindano ya kuelezea, anasimama mbele ya majaji na mabango yake anafundisha kitu hatua kwa hatua. Majaji wanauliza maswali. Mtoto aliyezoea kuhojiwa na bibi wa Tanga kwa majaji hawa hana wasiwasi.

Mtoto mwenye aibu

Usimsimamishe. Wa kwanza wangu ni mpole, mbele za watu sauti inakwisha, na yeye anapenda kushona. Ilianza na makhanga yangu, akawa anauliza hapa pameandikwa nini, mama na huku pembeni kunaitwaje, nikamwambia huo ni pindo, katikati mji, maandishi ndio jina. Akatengeneza daftari la majina ya khanga za mama na mashangazi wote wa mtaani, kila jina na maana yake na nani kampa nani kwa sababu gani (kuna majina mengine ilibidi tumwambie utaelewa ukikua). Akakuta pembeni ya khanga ya Mombasa pameandikwa Mali ya Abdulla akafukua akafika kwenye duka la Kaderdina la tangu 1887. Historia ya pwani hiyo imeingia bila kitabu.

Halafu hesabu. Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, mkoba unataka vipande viwili vya 45 kwa 40, je inatoa mikoba mingapi? Kwenye karatasi ni mitatu na kitambaa kinabaki. Lakini ukiwa na khanga yenyewe mkononi unagundua ukikata hivyo jina linakatika katikati, unapata mkoba ulioandikwa nusu ya methali, kwa hiyo lazima apange upya ajue atapoteza kitambaa kiasi gani. Huyu hafundishi kwa kusimama. Ameandika kijitabu chenye michoro cha kushona mkoba, na anafundisha mtu mmoja mmoja, wa kwanza alikuwa jirani yetu mmarekani mzee, wamekaa meza moja, mikono inafanya kazi, na mdomo unafunguka wenyewe. Kuna njia nyingine pia, kumfundisha mdogo wake, kurekodi video ya mikono tu, kumwandikia barua binamu, au kupeleka kazi kwenye maonyesho ya kaunti ambapo kitu kinawekwa mezani na majaji wanakikagua.

Akichoka je

Atachoka. Miezi miwili kuku, mwezi wa tatu dinosaria. Sisi tuna sharti moja tu, unaruhusiwa kuhama ukishakamilisha kitu kimoja cha kumuonesha mtu, hata kidogo, bango moja, simu moja ya bibi. Sio lazima uwe bingwa. Tofauti ni viumbe hai, ukishakuwa na kuku bandani hakuna kuchoka, watalishwa asubuhi na jioni mpaka apatikane wa kuwachukua, kwa hiyo fikiria hilo kabla hujakubali, mwishoni ni wewe utakayekuwa unaokota mayai kwenye mvua.

Na ndugu watasema mtoto anacheza tu. Usibishane nao, mwite mtoto awaeleze.

Makaratasi

Kila jioni au angalau kila Ijumaa andika kwa kurudi nyuma, usipange mbele sana. Chora safu za masomo yako, jaza walichofanya: barua ya HOA iko sarufi na uraia, Fahrenheit iko hesabu, na kadhalika. Piga picha kazi zote, weka tarehe. Walioko Texas hamtakaguliwa lakini mkihamia jimbo lingine mtashukuru. Mtoto akifika umri wa sekondari ya juu mzazi ndio unayetengeneza ripoti ya alama na kutoa cheti, na vyuo vya serikali vya Texas kisheria haviruhusiwi kumbagua aliyemalizia nyumbani, anapimwa kwa vigezo vilevile kama mitihani ya kuingilia chuo ya SAT au ACT. Wengi wanaanza kuchukua masomo ya community college (chuo cha miaka miwili) wakiwa bado sekondari, hapo kunakuwa na alama kutoka kwa mtu ambaye sio mama yake, ambayo inasaidia.

La kuweka kazi zao mtandaoni nimeliacha mwisho kwa sababu watoto watataka liwe la kwanza. Mitandao mingi inataka umri wa miaka 13 kwenda juu, usimdanganyie tarehe ya kuzaliwa. Kabla ya hapo kundi la WhatsApp la familia kwenye simu ya mzazi linatosha kabisa, lina mashabiki wakali kuliko TikTok. Baadaye akifungua kitu chake akaunti iwe chini ya barua pepe ya mzazi, maoni yafungwe au wewe uyasome kwanza, ionekane mikono na kazi sio sura na nguo za timu yake, jina la mtaa lisisikike, na kabla ya kuposti picha za banda hakikisha namba ya nyumba haionekani nyuma.